Kikapu cha Vigae Chini ya Kitanda

Mpendwa Mama mkwe, mama yake Saidi,

Nakuandikia huku nikijua hujui kusoma, na kwamba mimi ndiye niliyekuwa nakusomea kila barua iliyoingia nyumba ile. Kwa hiyo hii sikuitia kwenye bahasha. Nimeiacha wazi, na nitampa yeyote wa hapa Ujiji atakayethubutu kupanda na ziwa hadi Rumonge, akusomee mlangoni pako, kwa sauti, majirani wakisikia. Mambo mengi yaliyomo wanayajua tayari. Yaliyobaki watanivumilia.

Mimi mzima. Mjukuu wako Mwajuma mzima, ameng'oka meno mawili ya mbele na maneno yanatoka na upepo. Habari za Saidi sina. Kama amerudi nyumbani, mwambie tuko nyuma ya msikiti, kwa mama mmoja anayeuza mawese, akiulizia atatupata. Kama hajarudi, usinitumie habari hiyo kwa mdomo wa mtu. Nitaisubiri kwako mwenyewe.

Kilichonifanya nishike kalamu ni vigae. Ndiyo, Mama, vigae tena. Najua ukisikia neno hilo likitoka kwangu utainamisha kichwa, kama ulivyokuwa ukifanya ukitaka kuficha kicheko.

Niliingia kwako bibi harusi mwaka wa uhuru wa Burundi. Harusi yetu na sherehe za nchi zilikaribiana sana hata wageni wengine walikuwa bado wamevaa nguo zilezile. Nilitoka Buyenzi, mtoto wa mji, na zawadi zangu zilikuwa za mji: mabeseni ya enameli yenye maua, sufuria zinazong'aa, birika mbili. Tulizipanga ukutani ili kila apitaye azione. Nchi mpya, vyombo vipya, ndivyo tulivyosema siku zile. Wewe ulivishika kimoja kimoja, ukavigonga kwa kucha, ukasikiliza, ukavirudisha. Nilidhani unavistaajabia.

Mama yangu mzazi alinifunda kwamba mke mgeni hujulikana kwa uwanja wake. Basi nilifagia. Nilifagia mpaka kuku wakakosa cha kudonoa. Siku ya nne nikaingia jikoni kwako, na nyuma ya mafiga nikakuta kikapu kimefunikwa gunia. Ndani mna vipande vya vyungu vilivyovunjika, vyeusi, vizee, vimejaa hadi juu. Nikakuonea huruma. Nikajisemea, maskini mama mkwe, amekosa hata mtu wa kumtupia taka.

Unaikumbuka njia ya kwenda ziwani, pale penye kinu cha mawese, palipokuwa na tope lisilokauka masika wala kiangazi. Wanawake walikuwa wanateleza pale na ndoo zao. Nilikwenda na kikapu, nikamwaga vyote, nikavikanyaga kwa miguu yangu miwili mpaka vikazama. Waliopita wakanishukuru. Nilirudi nyumbani kifua mbele, nikakaa kusubiri sifa.

Uliporudi kutoka sokoni ulikwenda jikoni, ukatoka.

"Iko wapi ile kikapo?"

"Nimeimwaga, Mama, pale penye tope. Sasa hakuna mtu atateleza."

Ulichukua bakuli ukaenda. Nilikufuata kwa mbali, nikakuona umepiga magoti katikati ya njia, unachimba tope kwa vidole. Kila kipande ulichokipata ulikisuuza na kukiweka bakulini. Watu walikuzunguka wakapita pembeni. Jirani yetu Mama Tatu, ambaye macho yake hayakuwahi kukosa jambo, alisimama na ndoo yake kichwani.

"Mama Saidi, umepoteza pete?"

"Nimepoteza mama yangu," ukamjibu.

Kisha ukaeleza, mara moja tu, bila kuinua uso. "Alikuwa mufinyanzi, Mutwa wa kule Bugarama. Hivi iko vyungu vyake. Na mimi niko mufinyanzi vilevile." Ukaendelea kuchimba.

Kabla ya siku ile ni marehemu mumeo peke yake aliyejua. Ulikuwa umeishi kati ya Waswahili wa Rumonge zaidi ya miaka ishirini, umesilimu, umefunga kila Ramadhani, umezika na kuozesha pamoja nao, na hakuna aliyewahi kukuuliza kwenu ni wapi. Sihitaji kukueleza wewe jinsi watu walivyowadharau Watwa, kabila lenu. Walinunua chungu cha Mutwa wakapikia maharage yao, ila kikombe alichonywea mwenyewe hawakukigusa. Ulijua hivyo tangu utoto, ukafunika kikapu kwa gunia. Mimi nikaja na ufagio wangu.

Wiki ile hakuna aliyekuja kunywa kahawa kwetu. Tulimpelekea Mama Tatu sahani ya wali na ndagala, ikarudi kama ilivyokwenda. Nilijifungia jikoni nikalia mpaka macho yakavimba. Nilitaka kukuomba radhi na sikujua nianzie wapi, maana sikuwa nimevunja chombo, nilikuwa nimevunja maisha yako. Ulikuja ukakaa karibu nami, ukaniita mukazana. Hilo ni neno la Kirundi, mke wa mwana, na tangu siku ile sikutaka uniite jina jingine.

"Usilie, mukazana. Hii siku niliiogopa miaka yote. Sasa imeisha kupita, na mimi niko nasikia njaa. Tupike."

Tukapika. Lakini radhi sikuiomba, siku ile wala baadaye. Naiomba leo, mbele ya huyu anayekusomea.

Wiki iliyofuata ulichukua jembe ukaenda kuchimba udongo. Ulisema kwa kuwa wamekwisha jua, hakuna cha kukuzuia tena. Mikono yako ilikuwa haijagusa kazi hiyo tangu ulipoolewa, na ilikuwa imesahau. Chungu cha kwanza kilikaa chini chenyewe, taratibu, kama mlevi aliyechoka. Cha pili kikapinda shingo. Ulikuwa unavitazama na kuvikunja tena kuwa donge, huku unaongea nao Kirundi kwa sauti ya chini. Mimi kazi yangu ilikuwa kutwanga vigae, vichanganywe na udongo usipasuke. Ilikuwa haki yangu. Bakuli moja na nusu tu ndilo tulilookoa kutoka kwenye tope, nikavitwanga kwenye kinu, nikavichekecha, na mikono ikatoka malengelenge ambayo sikuthubutu kuyalalamikia.

Nilikuuliza kwa nini tusitumie mchanga, mchanga umejaa ziwani. Uliniwekea unga ule wa vigae kiganjani.

"Udongo mupya iko kama mutoto, hajui moto. Huu wa zamani ulisha pita mu moto. Utamufundisha."

Ukanieleza kwamba mama yako alifanya hivyo, na mama yake pia. Kila donge walilolikanda waliliwekea vigae vya vyungu vya waliotangulia, na kila mara walibakiza ngumi moja, vigae vya kujaza kiganja, kwa atakayefuata. Kwa hiyo ndani ya kile kikapu hamkuwa na mama yako peke yake. Nilikuwa nimewakanyaga wote kwa miguu miwili na kushukuriwa.

Tulichoma kwa makuti makavu na makapi ya mawese, kwa sababu ulisema moto wa makapi unakaa. Vitatu vililipuka. Tulilala kifudifudi nyuma ya ukuta, wewe na mimi, mabega yanagusana, na kila kishindo ulihesabu na kucheka. Majivu yalipopoa ulitoa mtungi mmoja mzima, mwekundu, na begani una mistari ya kamba ya majani uliyoizungusha kwa kiganja. Ulipougonga kwa kucha ulilia kama kengele. Hapo ndipo nilipoelewa ulichokuwa unakisikiliza katika mabeseni yangu, na kwa nini uliyarudisha.

Kwenu, ulisema, maji ya kwanza ya mtungi mpya anakunywa mwanamke aliye mkubwa mu nyumba. Nikachota kikombe nikakupa kwa mikono miwili. Ulikishika muda mrefu, ukanywa umefumba macho, polepole, mpaka tone la mwisho. Nilikuwa na kiu ya kuchoma tangu asubuhi. Nilisimama pale nikawaza, huyu mama anakunywa maji gani yasiyoisha.

Kisha jua la mwezi wa tisa likaja na kukutetea. Maji ya kwenye sufuria yalikuwa ya moto kama ya kunyolea, yetu ya baridi. Habari zikaenea. Mama Tatu akamtuma binti yake kuomba mtungi, akasema ni wa jamaa yake wa Gitaza. Ukautengeneza, mzuri kuliko wetu. Baada ya wiki mbili nilipita kwake nikauona umesimama chini ya dirisha lake, umevikwa kitambaa cha kufumwa. Nilikuja mbio kukuambia. Tangu hapo kila Ijumaa mkikutana ulimuuliza, "Yule jamaa yako wa Gitaza, iko muzima?" naye akajibu mzima, mzima, na kutazama pembeni. Ilichukua karibu mwaka mzima mpaka siku moja akaketi kibarazani kwetu, akachukua kikombe chako, si changu, akanywa. Ukamwongezea.

Miaka kumi, Mama. Miaka kumi mabibi harusi wa Rumonge walipelekwa kwa waume zao na mtungi wako, na wengine wakaja kutoka Nyanza-Lac. Ufundi ambao ulikuwa umekwisha pwani ile, watu wameshautupa kwa ajili ya bati, uliurudisha kwa mikono miwili iliyosahau. Na ulinifundisha. "Mukono wako iko muzito," ulisema kila siku, mpaka siku moja hukusema, na nilikaa nikisubiri, na bado hukusema. Nilifurahi siku ile kuliko siku ya harusi. Usimwambie Saidi.

Habari za mauaji ya mwaka wa sabini na mbili sitaziandika. Unazijua, na huyu anayesoma pengine anazijua kuliko mimi. Nitaandika uwanja wetu tu. Saidi alikuwa amekwenda Bujumbura kununua vitambaa vya ushonaji wake, na njia zikafungwa nyuma yake. Mchana ule mtumbwi wa wavua ndagala ulikuwa unapakia watu wa kwenda Kigoma, na mwenye mtumbwi amesema watu tu, mizigo hapana. Nilikwambia twende. Ulikataa.

"Saidi akirudi, nani atamufungulia mulango?"

Nikasema basi tunakaa sote. Ulimtazama Mwajuma, aliyekuwa ameketi kizingitini anavaa kiatu mguu usio wake. Ukaingia ndani, ukatoka umekumbatia ule mtungi wetu wa kwanza. Nilidhani unataka niuchukue. Nikakwambia, Mama, hawatakubali kuupakia.

"Najua," ukasema. Ukauweka chini, ukachukua mchi wa kinu, ukaupiga pigo moja.

Sauti ile ninayo hadi leo. Miaka kumi tulikunywa humo. Ulichagua vipande bila haraka, kama mtu anayechagua mchele, ukavifunga kwenye kitenge chako cha kijani, ukanibebesha mgongoni kama mtoto mchanga na kukaza fundo kifuani pangu.

"Hii hawataita muzigo," ukasema. Halafu, ukiwa bado umeshika fundo, "Usiimwage mu tope."

Ulicheka, Mama. Siku ile, saa ile, ulicheka ili mimi niweze kuondoka. Nami sikuweza kucheka nawe, na jambo hilo limenikaa rohoni kuliko mengine yote.

Huku Ujiji nilivitia kwenye kikapu, nikakifunika gunia na kukisukuma chini ya kitanda. Ni mwaka wa pili sasa. Nimejaribu kufinyanga kwa udongo wa mto ulio nje ya mji. Ni udongo mzuri, wa mafuta, lakini ukikauka unapasuka. Nimeutia mchanga, ukapasuka. Nimeokota vigae vya sokoni, ila vyungu vya hapa nilivyovipata vilichomwa moto mdogo, ukivitwanga vinarudi kuwa udongo, na mitungi ikapasuka vilevile. Mwenye nyumba wetu, yule muuza mawese, aliniuliza kwa nini situmii vile vya chini ya kitanda. Nikamjibu vile si vigae. Alinitazama kwa upole na hakuniuliza tena.

Nikwambie ukweli. Nilikuwa naogopa. Vikiwa bado vipande niliweza kujiambia utakuja, utakaa kwenye kigoda, utasema mkono wangu ni mzito, tutavitwanga pamoja. Kuvitwanga peke yangu kulikuwa ni kusema kwamba huji. Basi nikakubali nisifinyange kabisa. Nilipanga nikae hivyo, nisaidie kuuza mawese, nizeeke.

Mwezi uliopita nilikuwa nachambua mchele uani. Mwajuma alikuwa anafagia. Anafagia vibaya sana, kwa bidii, vumbi lote linamrudia usoni. Sijui karithi kwa nani. Nikamwona anatoka mlangoni na kikapu kichwani.

"Mama, naenda kumwaga hizi pale kisimani. Watu wanateleza."

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikamwaga mchele, nikaketi chini, na kicheko kikageuka kilio hapo hapo bila kuniaga. Mtoto akasimama na kikapu chake, hajui akimbie au anisaidie. Nikampakata, mkubwa alivyo, nikamweleza yote: tope, bakuli, mama yako na mama yake, Mama Tatu na jamaa yake wa Gitaza, mchi, fundo la kitenge. Alisikiliza kinywa wazi. Nilipomaliza akafikiri kidogo.

"Bibi alisema usimwage," akasema. "Hakusema usitwange."

Nimekaa miaka miwili na neno lako na sikulisikia lote, akalisikia huyu asiye na meno.

Tulivitwanga siku hiyohiyo, kwa zamu. Nilisikia kila kipande kikivunjika, na haikuwa kama nilivyoogopa. Kilikuwa kitu cha kazi, kinanuka vumbi na moshi kidogo. Nilibakiza ngumi moja, nikairudisha kwenye kikapu. Kisha nilikanda udongo, nikaupandisha kwa mizunguko kama ulivyonionyesha, na begani nikazungusha kamba ya majani. Mistari imepinda upande mmoja, ungeiona ungetoa sauti ile ya puani. Nikaukausha kivulini siku nyingi kuliko inavyotakiwa, kwa woga. Jana tuliuchoma. Tulilala nyuma ya ukuta, mimi na Mwajuma, mabega yanagusana, na tukasubiri kishindo.

Hakikuja. Mtungi ni mzima, Mama. Nimeugonga kwa kucha. Unalia.

Asubuhi hii tuliujaza maji. Mwajuma alikuwa ameikumbuka ile desturi yenu, akachota kikombe na kukishika kwa mikono miwili, anatembea kwa hadhari asimwage. Alifika katikati ya chumba akasimama.

"Mkubwa wa nyumba nani?" akauliza, na akatazama mlangoni.

Nami nilitazama mlangoni. Tulitazama wote wawili, muda. Halafu nikanyoosha mikono nikakipokea.

Sasa najua kwa nini ulikunywa polepole vile, umefumba macho. Hayakuwa maji mengi. Ulikuwa unajua kwamba ukikimaliza kikombe kile hutakuwa tena mtoto wa mtu. Nilikuwa nimesimama mbele yako na kiu yangu, sioni kitu. Nisamehe na hilo.

Kama uko hai, Mama, basi nimekalia kigoda chako mapema, na siku ukiingia mlango huu nitainuka haraka kuliko nilivyowahi kuinukia mtu yeyote. Na kama hauko, umo mtungini humu. Nimekunywa nikakusikia.

Kikapu kiko chini ya kitanda, na ngumi moja ndani yake. Mwajuma nimemkataza kufagia huko.

Mimi mukazana wako,
Zuhura